Mfumo Mpya, Maandishi ya Zamani: Kompyuta Zetu za Nyumbani Baada ya Kubadilishiwa Programu

Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 chumba cha walimu cha idara yetu kimegeuka karakana. Haipiti wiki bila mtu kuingia na kompyuta kwapani, akilalamika kwamba ilikuwa nzima mpaka pale alipoibadilishia mfumo. Chanzo kinafahamika. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na siku hiyohiyo ikafunga pia huduma kwa programu za ofisi za matoleo ya 2016 na 2019. Wengi wetu tukaamua kuhama mara moja, mfumo endeshi na programu za kuandikia kwa pamoja. Hapo ndipo mambo yalipochanganyika, kwani vitu viwili vikibadilishwa siku moja huwa vigumu kujua kipi kimeleta kasoro.

Sisi si mafundi. Hata hivyo, tumegundua kwamba matatizo mengi tunayoletewa si ya mashine. Ni ya herufi, ya lugha na ya mpangilio wa ukurasa, na hayo ni mambo ya mwalimu wa lugha. (Tunaandika "kompyuta" badala ya tarakilishi au ngamizi kwa kuwa ndivyo wanafunzi wetu wanavyosema. Mwenye hoja na alete makala, tutaichapa.)

Tuanze na kisa kilichotuhangaisha zaidi. Mwalimu mwenzetu mmoja alikusanya data za Kiswahili cha wazee wa Buyenzi na wa Rumonge mwanzoni mwa miaka ya 2000, akainukuu kifonetiki kurasa kwa kurasa. Wengi wa wazee wale wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na kanda zenyewe ziliharibika siku nyingi. Yaliyobaki ni yale yaliyo ndani ya kompyuta. Alimpa fundi mmoja wa mjini kompyuta hiyo awekewe Windows 11, ikarudi inang'aa, ya haraka, na tupu. Folda ya nyaraka haikuwa na faili hata moja. Alikaa na fadhaa yake siku nane kabla ya kutuambia.

Siku nane hizo nusura zimgharimu kazi yote. Mfumo mpya unaposakinishwa juu ya wa zamani bila diski kufutwa, vitu vya zamani havitupwi papo hapo. Husogezwa kwenye folda iitwayo Windows.old, katika diski C. Ndani yake mna folda ya Users, na ndani ya hiyo mna jina la zamani la mtumiaji pamoja na nyaraka zake. Lakini folda hiyo haidumu: baada ya siku 10 kompyuta huifuta yenyewe ili kupata nafasi. Tuliifungua, faili zilikuwamo zote, tukazinakili kwenye flashi mbili tofauti kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Ingekuwa fundi ameifuta diski kwanza, au mwenzetu angengoja siku mbili zaidi, leo tungekuwa tunaandika tanzia ya data hizo.

Kuna wengine ambao faili zao hazikupotea ila zimehamishwa. Unapoingia Windows 11 kwa akaunti ya Microsoft, folda za nyaraka, picha na eneokazi zinaweza kuhamishiwa OneDrive, yaani hifadhi ya mtandaoni. Ukiona alama ya wingu kando ya jina la faili, ujue faili hiyo iko mtandaoni tu na haitafunguka siku ambayo intaneti haipo. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, uchague ibaki daima kwenye kompyuta. Tena nafasi ya bure huko ni GB 5 tu. Mtu mwenye rekodi za sauti za utafiti huijaza mapema, na baada ya hapo faili mpya haziendi.

Turudi kwa mwenzetu. Alipofungua nukuu zake furaha iliisha. Mahali pa alama za kifonetiki palikuwa na visanduku vitupu, na kwingine herufi zisizohusiana kabisa na neno. Akadhani faili zimeharibika, akaanza kusahihisha kwa mkono. Tulimzuia haraka, na tungependa kila mwanaisimu anayesoma ukurasa huu aelewe kwa nini.

Zamani, kabla ya Unicode kuenea, alama za kifonetiki ziliandikwa kwa fonti maalumu kama SIL Doulos IPA93. Fonti hizo zilikuwa na hila moja: zilivalisha herufi za kawaida sura nyingine. Ulipotaka sauti ya ng' kama katika ng'ombe ulipiga N kubwa, nayo fonti ikakuonyesha ŋ. S kubwa ilikuonyesha ʃ, D kubwa ikakuonyesha ð, na T kubwa θ. Kwa hiyo ndani ya faili hamna ŋ hata moja. Kilichomo ni alama ya mahali tu, na sura yake inatoka kwenye fonti. Fonti isipohamishwa pamoja na faili, sura inapotea ingawa data iko salama. Mtu akianza "kusahihisha" herufi hizo kwa kukisia, au akageuza fonti ya waraka wote kwa mkupuo, anaweza kufuta tofauti kati ya n na ng', kati ya s na sh, pasiwepo tena wa kumuuliza mzee alitamka vipi.

Tiba yake ni kurudisha kwanza fonti ileile ya zamani. Ilikuwa bado imo katika Windows.old, kwenye folda ya Windows kisha Fonts. Tuliinakili, tukaibofya mara mbili, tukaisakinisha, na alama zote zikarudi kana kwamba hakuna lililotokea. Hatua ya pili ilikuwa kutoa nakala ya PDF ya kila faili wakati ule ule inaonekana sawa, iwe shahidi. Hatua ya tatu, ambayo ni ya polepole, ni kuhamisha alama moja moja kuingia Unicode kwa fonti kama Doulos SIL au Charis SIL, ambazo ni za bure. Katika Word andika 014B kisha bonyeza Alt na X kwa pamoja: utapata ŋ. 0283 itakupa ʃ, 00F0 itakupa ð, 03B8 itakupa θ. Alama zilizoandikwa hivyo hazitategemea fonti moja tena.

Tatizo la pili kwa wingi ni kibodi. Huku kwetu kompyuta nyingi ni za mtumba, nyingine zimetoka Ubelgiji zikiwa na kibodi ya Kifaransa, nyingine zimepitia Dubai zikiwa na ya Kiingereza. Mfumo mpya ukisakinishwa kwa Kiingereza juu ya kibodi ya Kifaransa, unaandika "mwalimu" na kioo kinaonyesha ";zqli;u". Hilo linachekesha mpaka unapofika kwenye nywila, ambayo huionyeshwi. Mwanafunzi mmoja alikataliwa mara nyingi, akaamini kwamba ameibiwa akaunti. Angalia pembe ya chini kulia ya skrini ya kuingilia, utaona kifupisho cha lugha. Kitufe cha Windows pamoja na kile cha nafasi hubadilisha kutoka kibodi moja hadi nyingine.

Lipo pia suala la Word kujifanya mwalimu wetu. Programu ikisakinishwa upya hurudi katika mazoea yake ya Kiingereza, hata kama wewe ulikwisha kuizima mambo hayo miaka iliyopita. Andika irabu za Kiswahili, nayo itageuza i kuwa I kubwa, ubaki na "a, e, I, o, u". Orodhesha mifano ya sentensi (a), (b) na ya tatu, na ile ya tatu itageuka ©, alama ya hakimiliki. Tumeona karatasi ya mtihani ya somo la sintaksia ikiwa na alama hiyo, na mtahiniwa mmoja akajibu kwa unyenyekevu "katika sentensi ya hakimiliki". Bonyeza Ctrl na Z mara tu mageuzi yanapotokea, yatafutika. Kwa kuyamaliza kabisa, nenda kwenye mipangilio ya masahihisho ya kujiendesha, uondoe mistari hiyo miwili. Halafu teua maandishi yote na uyatambulishe kuwa Kiswahili, kwani Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za Word. Mistari myekundu chini ya kila neno itapungua, ingawa kikaguzi bado hushindwa na vitenzi virefu vyenye viambishi vingi.

Kuhusu kurasa kuongezeka, sababu ni nyepesi. Fonti ya kawaida ya Word ilikuwa Times New Roman, ikawa Calibri kuanzia toleo la 2007, na kuanzia mwaka 2023 ikaanza kuwa Aptos. Nafasi kati ya mistari ilibadilika pia. Tasnifu iliyotaja fonti yake waziwazi haitasogea sana, lakini iliyoachiwa mazoea ya programu itasogea, na yaliyomo yatakuwa na namba za uongo mpaka uyahuishe.

Wanaoumia zaidi ni washairi. Wengi hutenganisha ukwapi na utao kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara kumi ili vina vilingane wima. Fonti ikibadilika, mshororo wa mizani 16 unakatika, utao unaanguka chini, na beti za mishororo minne zinaonekana zina mishororo minane. Tunashauri jedwali la safu mbili lisilo na mistari, ukwapi safu ya kushoto, utao ya kulia. Hapo hakuna fonti itakayozivunja.

Na kabla hujaipeleka printa kwa fundi, tazama ukubwa wa karatasi. Kompyuta iliyowekewa mipangilio ya Marekani hudai karatasi ya Letter, yenye milimita 216 kwa 279, ilhali sisi tuna A4 ya milimita 210 kwa 297. Printa husimama ikisubiri karatasi ambayo hapa mjini ni nadra kuipata dukani. Badilisha eneo katika mipangilio ya Windows, kisha ukubwa katika Word na katika printa yenyewe.

Wale ambao kompyuta zao zimekataliwa na Windows 11, kwa kukosa TPM 2.0 au kwa kichakato cha zamani, wasilazimishe. LibreOffice hufungua faili za .doc na .docx bila malipo, na hufanya kazi juu ya Linux. Wakubwa wetu watakumbuka Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kwa Kiswahili chini ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Njia hiyo si ngeni kwetu.

Mwenzetu bado anahamisha nukuu zake kila Jumamosi asubuhi, na wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu humsaidia, mmoja akisoma PDF kwa sauti, mwingine akiandika. Walipofika kwenye neno ng'ambo walisimama kubishana kama mzee alitamka hivyo kweli. PDF ilionyesha ŋ, wakaendelea.