Mfanyakazi Aulizwe Kwanza

Ipo hasara isiyotokana na wizi wala uvivu, bali hutokana na watu kutoulizana. Mfano wake mkubwa umeonekana katika jimbo la New South Wales nchini Australia, ambako treni mpya za abiria zilikaa bila kazi kwa muda wa karibu miaka mitano, huku wananchi wakiendelea kupanda mabehewa ya zamani. Tumeona inafaa kuwaeleza wasomaji wetu habari hii, kwa kuwa ina funzo kwa kila nchi inayonunua mitambo mipya, nayo nchi yetu ni mojawapo.

Mwaka 2016 serikali ya jimbo hilo ilifunga mkataba wa dola bilioni 2.3 za Australia, iletewe mabehewa 512 ya ghorofa. Baadaye hesabu hiyo iliongezwa hadi 610. Treni hizo zilikusudiwa kuwachukua watu wakaao mbali na jiji la Sydney, huko Newcastle, Central Coast, Blue Mountains na pwani ya kusini, ambao wengi wao huenda mjini kufanya kazi na kurejea nyumbani jioni. Zilitakiwa kushika nafasi ya mabehewa ya aina iliyoanza kazi mwaka 1970. Ziliundwa na kampuni ya Hyundai Rotem ya Korea Kusini, zikapewa jina la Mariyung, ambalo katika lugha ya Wadarug, wenyeji wa asili wa sehemu zile, ni emu, ndege mkubwa asifiwaye kwa mbio.

Treni ya kwanza iliwasili mwezi Desemba 2019. Lakini ndege huyo wa mbio hakuchukua abiria hata mmoja mpaka tarehe 3 Desemba 2024.

Ni kitu gani kilichomzuia? Ni mlango wa gadi. Katika treni za zamani gadi huufungua mlango wa chumba chake, akatoa kichwa nje na kulitazama jukwaa mpaka treni iondoke. Akimwona mtu amenaswa mlangoni, au mtoto ameteleza kati ya behewa na jukwaa, humpa dreva ishara ya kusimama mara moja. Katika treni mpya iliamriwa kwamba mlango wa gadi ufungwe treni inapoondoka, naye aangalie nje kwa kamera na viwambo vya televisheni.

Wakubwa wa reli walisema kwamba kamera hizo zinaona vizuri na kwamba usalama utazidi. Chama cha wafanyakazi wa reli kilijibu kwamba kamera ni msaada mwema, lakini haiwezi kuwa badala ya jicho la mtu, na kwamba maisha ya abiria hayafai kujaribiwa. Wafanyakazi wakakataa kuziendesha treni hizo. Ubishi ukaendelea miaka mingi, na mwaka 2022 migogoro ya kazi ilivuruga safari za reli katika jiji zima la Sydney. Mwishowe serikali ilikubali treni zirekebishwe ili gadi aweze tena kulitazama jukwaa kwa macho yake wakati wa kuondoka. Baada ya uchaguzi wa Machi 2023, serikali mpya ya chama cha Labor nayo iliendelea na njia hiyo.

Tena hilo halikuwa jambo pekee. Treni mpya ni pana kuliko zile za zamani, na reli ya Blue Mountains ilijengwa zamani kwa kupita katika mahandaki na kona za milimani. Ilibidi mahandaki na majukwaa ya huko yafanyiwe kazi kwanza ndipo treni ziweze kupita. Abiria wa milimani walingoja mpaka Oktoba 2025.

Sisi tunasema wazi kwamba wahenga hawakukosea waliponena kuwa kuuliza si ujinga. Mlango uliochorwa vibaya katika karatasi hurekebishwa kwa kalamu na kifutio. Mlango huo huo ukisha kuundwa kwa chuma, katika mamia ya mabehewa, marekebisho yake hula fedha za umma na miaka ya watu. Gadi aliyesimama mlangoni miaka ishirini anaijua hatari ya jukwaa kuliko mtaalamu aliyeketi ofisini, maana adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Wala msomaji asidhani kwamba tunausifu ugomvi. Wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi katika habari hii ni yule mtu aliyeamka alfajiri kuwahi kazini. Mfanyakazi naye ana wajibu wake. Akiona hatari aitaje mapema na aeleze sababu zake. Akionyeshwa dalili za kweli kwamba hatari imeondoka, aikubali kwa moyo mweupe. Haki ya kuulizwa huenda pamoja na wajibu wa kujibu kwa uaminifu.

Habari hii haiko mbali nasi kama mtu awezavyo kudhani. Kampuni hiyo hiyo ya Korea ndiyo iliyotuundia treni zetu 10 za umeme zenye mabehewa 80, ambazo wananchi wameziita Mchongoko, na ambazo zilianza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Novemba 2024. Kesho na keshokutwa tutanunua treni nyingine, na mabasi, na vivuko, na mashine za viwandani.

Basi kabla mkataba haujatiwa sahihi, dreva, gadi na fundi waitwe mezani. Waonyeshwe michoro. Kiundwe chumba cha mfano, hata cha mbao, waingie, wasimame, wafungue milango, waseme. Siku chache za kusikilizana hazitamchelewesha mtu. Kinachochelewesha ni kumkumbuka mfanyakazi baada ya meli kwisha kutia nanga.