Feza ya simu: kwa nini wazazi wengi wa Fizi wanatoa kode yao ya siri kwa mtu mwingine

Siku ya soko mjini Baraka, kwenye kabini za feza ya simu, si ajabu kusikia mama akitaja kode yake ya siri kwa sauti, namba nne zote, mbele ya watu wa mstari. Mwenye kabini njo anabonyeza. Mama anahesabu noti, anafunga kwenye kitenge, anaenda. Mara mingi hakuna kinachotokea. Siku kikitokea, feza ya masomo ya watoto imekwisha kupotea, na nyumbani watu wanasema "simu imekula."

Simu haili feza. Lakini mzazi anayefikiri hivyo ana sababu zake, na sababu hizo si uzee tu. Vita ya 1996 ilivusha familia nyingi za Fizi ziwa Tanganyika kuelekea Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka ule ule. Mtoto wa miaka minane aliyekosa darasa wakati ule, leo ni mama mwenye watoto sekondari. Anajua Kibembe, anajua Kiswahili, anajua kuhesabu faida ya dagaa kuliko mtu yeyote. Ujumbe wa kampuni ya simu, yeye mara mingi anaupata kwa Kifaransa.

Na kuikwepa hii feza ya simu haiwezekani tena. M-Pesa ilianzia Kenya mwaka 2007, Vodacom ikaileta Kongo mwaka 2012, na leo Airtel Money na Orange Money ziko pia. Kijana anachimba dhahabu Misisi, binti anasoma Uvira, ndugu mwingine alichukuliwa kutoka kambini mpaka Marekani. Kubeba noti njiani ni kutafuta wezi. Basi feza inapita kwa simu, na mzazi asiyeelewa simu anategemea huruma ya anayeelewa.

Kitu cha kwanza cha kuelewa: feza haikai ndani ya simu, wala ndani ya ile kadi ndogo ya SIM. Iko kwa kampuni, imeandikwa kwenye namba yako, kama vile mwenye duka anavyoandika jina lako kwenye daftari. Simu ikianguka ziwani, feza bado iko. Ndiyo maana mwizi wa kisasa hana haja ya kuiba simu. Anatafuta kode.

Kode hiyo inafungua mlango wa kutoka tu. Kutoa feza, kutuma, kununua, kuangalia kilichobaki: kode inaombwa. Kupokea hakuombi kode hata siku moja. Kwa hiyo mtu akipiga simu na kusema "mama, umeshinda zawadi, nipatie kode yako feza iingie," hakuna cha kufikiria tena, huyo ni mwizi. Hata akijiita mfanyakazi wa kampuni. Hata akitaja jina lako.

Kuna wengine hawaombi kode. Wanatuma ujumbe ulioandikwa vizuri kama ule wa kampuni: umepokea dola 50. Kisha wanapiga, sauti ya kulia: "Baba, nilikosea namba, ile ilikuwa feza ya mgonjwa, unirudishie." Mzazi mwenye moyo mzuri anarudisha, na anachorudisha ni feza yake mwenyewe, kwa sababu ile 50 haikuwahi kuingia. Ujumbe mtu yeyote anaweza kuuandika. Kabla ya kurudisha chochote, uangalie kwanza hesabu yako kwenye menyu. Kama kilichobaki hakikuongezeka, hakuna kilichoingia.

Hapo kuna mtego mwingine usio na mwizi ndani. Hesabu ya feza ya simu Kongo iko na mifuko miwili, wa dola na wa franka. Mtoto ametuma dola 20, mama anafungua mfuko wa franka, anakuta sifuri. Ugomvi unaanza na mwenye kabini, au na mtoto anayeitwa muongo, kumbe feza iko salama kwenye mfuko wa pili.

Maneno ya Kifaransa yanayohitajika si mengi. Solde ni kilichobaki, dépôt ni kuweka, retrait ni kutoa, frais ni kile kampuni inachokata. Na asiyesoma kabisa anaweza kubonyeza kode yake mwenyewe, maana namba za noti anazijua. Kwenye simu za mabatani, 5 iko na kidoa kidogo kilichoinuka katikati. Kidole kikikipata, kushoto ni 4, kulia ni 6, juu ni 2, chini ni 8. Mtoto asome ujumbe, kidole kiwe cha mama. (Watoto wanajua simu haraka, ni kweli, lakini wanajua haraka vilevile kununua mega kwa feza isiyo yao.)

Jambo ambalo wengi wanalisahau ni jina. SIM inaandikishwa kwa kitambulisho, na kwa watu wengi huku kitambulisho ni kadi ya uchaguzi. Mzazi asiye nayo anaandikishiwa na mtoto, na mpwa, hata na jirani. Siku simu inaibiwa, mwenye haki ya kurudishiwa namba ni yule ambaye jina lake liko kwenye maandishi. Kama amekwenda Misisi au amevuka Tanzania, mama anabaki na feza anayoijua ni yake, asiyoweza kuigusa. Kuweka namba kwa jina lako ni rahisi zaidi huyo kijana akiwa bado nyumbani.