Bahari na Nyika: Watu wa Msimu Mmoja

Mtu wa pwani akitajiwa Kitengela hufikiri mawe ya kujengea, saruji na malori ya barabara ya Namanga. Hafikiri bahari hata kidogo. Lakini ni huku, yapata maili 300 kutoka Bandari ya Kale ya Mombasa, nilikoulizwa suali ambalo vijana wetu wa kwetu hawaliulizi tena: "Mtu hukaaje chomboni mwezi mzima bila ya kukanyaga ardhi?"

Aliyeniuliza ni mzee wa Kimaasai, mfugaji tangu utotoni, tuliyekaa naye kivulini mjini Kajiado siku ya mnada wa ng'ombe. Bahari aliiona mara moja tu, Mombasa, na tangu siku hiyo jambo hilo halikumtoka moyoni.

Nilimwambia kwamba jambo la kwanza ni kuwa chombo hakiendi apendapo nahodha, bali kinakwenda upendapo msimu. Kaskazi huanza kutulia vyema mwezi wa Desemba, na ndiyo iliyoyateremsha majahazi kutoka Kuwait, Sur na Hadhramaut mpaka Lamu, Mombasa na Unguja. Kusi ikishika kuanzia Aprili, ndiyo iliyoyarudisha. Na kurudi nako kulikuwa na wakati wake, kwani kufika Juni na Julai Kusi huwa kali, na nahodha mwenye akili hakuthubutu kuikabili bahari kuu. Aliyechelewa alingoja.

Wakati wenyewe haukuweza kuhesabiwa kwa miezi yetu ya Kiislamu, ambayo huzunguka misimu yote, Ramadhani ikawa leo katika joto na kesho katika baridi. Kwa hiyo wazee wetu walihesabu siku kwa miongo, kumi kumi, kuanzia Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka. Mwongo fulani ukifika, tanga lilishonwa, na mwingine ukifika, nanga iling'olewa.

Kuhusu maisha ya chomboni, ushahidi mzuri tunao. Mwaka 1938 baharia wa Australia, Alan Villiers, alipanda bumu la Kuwait huko Aden, nahodha wake Ali bin Nasr al-Nejdi, akasafiri nalo kupitia pwani ya Somalia, Lamu, Mombasa na Unguja hadi delta ya Rufiji, kisha akarudi nalo Ghuba mwaka 1939 likiwa limesheheni boriti za mikoko. Safari yote hiyo aliiandika kitabu, Sons of Sinbad, kilichotoka mwaka 1940.

Vyumba vya kulala havikuwapo. Mabaharia na abiria walilala juu ya sitaha, juu ya shehena, kila mtu na mkeka wake. Wanawake waliwekwa chini ya sitaha ya tezi, katika giza na joto. Wali na samaki vilipikwa juu ya jiko la sanduku lililotiwa mchanga, ili moto usishike mbao. Choo kilikuwa kisanduku kilichoning'inizwa nje ya ubavu wa chombo, mawimbi yakipita chini yake. Foromali, nzito kama mti mzima, ilipandishwa kwa mikono mitupu, na nyimbo na ngoma ndizo zilizowaunganisha watu wavute kwa pamoja. Wala baharia hakuwa na mshahara: safari ikiisha, faida iligawanywa mafungu baada ya kutoa gharama na haki ya mwenye chombo. Msimu ukiwa mbaya, wote walikuwa na njaa moja.

Mzee akaniuliza maji. Nikamwambia yaliwekwa katika matangi ya mbao na kugawiwa kwa kipimo, ya kunywa na ya kupikia. Na hapa ndipo ninapoikumbuka hadithi tuliyosomeshwa chuoni, ya yule mtu aliyemjia Mtume, rehema na amani zimshukie, akamweleza kwamba wao husafiri baharini na maji machache, wakitawadhia hayo watakufa kiu. Akajibiwa kwamba maji ya bahari ni tohara. Waama, dini yetu inawajua mabaharia. Sala hupunguzwa safarini, na asiyeweza kusimama kwa msukosuko husali amekaa.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka. "Ndugu yangu, hayo ni yetu. Wewe umeweka maji tu pale palipo na majani."

Akanieleza jinsi vijana wanavyotangulia kupeleleza malisho kabla ya boma kuhama, jinsi maziwa yanavyogawiwa mifugo ikiwa mbali, na jinsi anayechelewa kuhama anavyozika ng'ombe. Nami nikaona kwamba amesema kweli kuliko alivyodhani. Mvua za masika za Machi hadi Mei hufika Kajiado pale Kaskazi inapokufa na Kusi kushika. Za vuli, Oktoba hadi Desemba, hufika Kusi inapoondoka. Nahodha wa Lamu na mchungaji wa Kajiado walikuwa wakisoma kalenda moja, mmoja kwa tanga na mwingine kwa fimbo. Na nani asiyeijua Surat Quraysh, inayotaja misafara miwili ya mwaka kuwa ni neema ya kushukuriwa?

Lakini tofauti ipo. Bahari haina ua. Nyika ya Kitengela ilikuwa hivyo, ng'ombe na nyumbu wakipita. Sheria ya mwaka 1968 ilileta ranchi za pamoja, baadaye ranchi zikakatwa viwanja, na viwanja vikazungushiwa waya. Mwaka 2000 baadhi ya wenye ardhi walianza kulipwa ili wasijenge ua, lakini nyumba zinaongezeka. Misimu mitano ya mvua mfululizo ilipokosekana, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, mfugaji aliyejua pa kukimbilia alikuta njia imefungwa.

Sisi njia yetu i wazi mpaka leo, ila wenye kuipita wametoweka. Mashine ziliondoa tanga, mafuta yaliwapa watu wa Ghuba kazi nyingine, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kupeleka boriti nje. Mmaasai ana elimu ya safari na hana njia. Sisi tuna njia, na elimu inazikwa pamoja na wazee.

Msomaji mpenzi, kama nyumbani kwako yuko mzee aliyewahi kusafiri na Kaskazi, mkalie kitako wiki hii. Muulize miongo, majina ya nyota, namna ya kugawa maji, na nyimbo za kupandisha foromali. Andika kila neno kama alivyolitamka. Ng'ombe wakifa, mchungaji huanza tena na mtamba mmoja, lakini mzee akifa na miongo yake, hatuna mbegu ya kuanzia.