Umeme wa Jua wa Nyumbani na Gridi ya Taifa: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuunganisha

Mtumiaji aliyefunga paneli za sola na kuziunganisha na gridi huweza kushangaa: umeme wa gridi unapokatika mchana, mfumo wake nao huzimika ilhali jua linawaka. Hiyo si kasoro. Ni kinga, na inafaa kila mtumiaji aielewe.

Mizani ya gridi

Wakati wote, umeme unaozalishwa hauna budi kulingana na unaotumika. Gridi ya Tanzania huendeshwa kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Uzalishaji ukizidi matumizi, mizunguko hupanda; ukipungua, hushuka. Ikipotoka mno, mitambo hujizima. Kwa sababu hiyo, waongozaji wa gridi huelekeza mitambo mikubwa, kama ule wa Julius Nyerere wenye uwezo wa megawati 2,115, ipandishe au ishushe uzalishaji.

Paneli za nyumba moja haziitikisi mizani hiyo. Zikiwa maelfu, hali hubadilika: huzalisha kwa wingi adhuhuri, hupungua wingu linapopita, na hunyamaza magharibi, saa ambayo taa na majiko huwashwa. Gridi janja ni ile inayoviunganisha vyanzo hivi vidogo kwa mawasiliano: mita huhesabu umeme unaoingia na unaotoka, inveta hupokea maelekezo ya kupunguza uzalishaji, na betri huhifadhi ziada ya mchana kwa ajili ya usiku.

Hatari ya umeme unaorudi nyuma

Laini inapozimwa kwa matengenezo, fundi hupanda nguzo. Inveta isiyo na kinga ikiendelea kusukuma umeme kuelekea mtaani, transfoma ileile inayoushusha hadi volti 230 za nyumbani huweza kuupandisha tena hadi maelfu ya volti. Fundi huyo anaweza kupoteza maisha kwa umeme uliotoka kwenye paa la jirani. Ndiyo maana inveta sahihi hujizima mara gridi inapokatika.

Anayetaka taa ziendelee kuwaka anahitaji betri, pamoja na inveta au swichi inayoitenga kabisa nyumba na gridi kwanza. Jenereta nayo hufuata kanuni hiyo hiyo.

Tunakushauri yafuatayo

1. Kabla ya kununua vifaa, wasiliana na msambazaji wako wa umeme, na upate idhini ya maandishi kabla ya kuunganisha.

2. Mtumie fundi mwenye leseni halali ya EWURA, nawe uombe kuiona.

3. Mwombe muuzaji uthibitisho wa maandishi kwamba inveta hujizima gridi inapokatika. Usikubali kinga hiyo iondolewe kwa sababu yoyote.

4. Uliza kuhusu mita. Baadhi ya mita za kawaida haziwezi kutofautisha umeme unaoingia na unaotoka, hivyo huweza kukutoza kwa umeme uliouzalisha mwenyewe.

5. Hifadhi mchoro wa mfumo, risiti na hati za dhamana.

Mfumo ambao haukuunganishwa na gridi hauhitaji idhini ya kuunganisha, lakini bado unahitaji fundi stadi. Ukishuku kuwa mfumo wako umeunganishwa kienyeji, usiufungue mwenyewe. Mwite fundi mwenye leseni na umjulishe msambazaji bila kuchelewa.