Gari iliyoshushwa: juu ya nini usukani unaharibika, na namna ya kuurudisha

Kwa vijana wengi wapenda magari, uzuri wa gari ni kuwa chini. Corolla ao Subaru Impreza inatoka Mombasa, inapita Uganda, inakula matope ya barabara ya taifa namba 4 kupitia Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende. Ikifika Kisangani tu, mwenyewe anaanza kutafuta fundi wa kukata resori. Kisha siku chache malalamiko ni yale yale: usukani haurudi vizuri, gari inavuta upande, kwenye shimo inaruka, na mipira inakulika upande wa ndani. Wengi wanafikiri dawa ni kuongeza ugumu. Hapana. Ugonjwa uko katika pembe za vyuma vinavyoshika magurudumu.

Kwa kuelewa, tuinamie chini ya gari. Magari hayo mawili, sawa vile magari madogo mengi, mbele yanabebwa na mfumo wa MacPherson, jina la injinia wa Marekani aliyeutengeneza katika miaka ya 1940. Kila upande uko na amortisa moja iliyosimama, resori imeizunguka, na chini kuna mkono wa chuma unaofunga gurudumu kwa gari. Kawaida mkono huo unalala karibu sawasawa ao unainama kidogo kuelekea gurudumu. Ukishusha gari, gurudumu linabaki pale pale juu ya ardhi. Ni upande wa katikati unaoshuka. Sasa mkono unapanda kuelekea gurudumu.

Hapo ndipo mambo yanageuka. Kila gari iko na nukta isiyoonekana ambayo inalalia wakati wa kukata kona. Mkono ukianza kupanda, nukta ile inashuka upesi kuliko uzito wa gari ulivyoshuka. Umbali kati ya nukta na uzito unaongezeka, na umbali huo unafanya kazi kama mpini: mpini mrefu, nguvu kubwa. Kumbe gari iliyo chini inaweza kutaka kulala kwenye kona zaidi ya ile ya juu! Ndiyo maana watu wanaweka resori ngumu sana, wanaficha kosa moja kwa kosa lingine.

La pili ni la hatari. Fimbo inayotoka usukani kwenda gurudumu ilipangwa itembee pamoja na ule mkono wa chini. Vikipoteza mwelekeo mmoja, gurudumu likipanda juu ya jiwe linajigeuza lenyewe, hata kama dereva ameshika usukani kwa nguvu. Mjini kwetu moto na toleka zinapita ubavuni mwa gari, kwa nafasi ya kiganja. Gari ikiruka upande kwa kiganja hicho, anayeumia si yule aliyeishusha.

Tena kuna kukata resori kwa mashine ao kwa moto. Resori ikipoteza duara moja inakuwa ngumu zaidi, na ile iliyopigwa moto chuma chake kinaharibika. Ikiwa fupi sana, gurudumu likining'inia inatoka kwenye kiti chake. Na amortisa inabaki na nafasi ndogo ya kutembea. Inagonga mwisho, na wakati huo gari inasimamia mpira peke yake. Kwenye udongo mwekundu wenye mikunjo kama bati, hiyo ni kugonga kila mita.

Basi nini kifanyike? Mwenye busara hashushi zaidi ya sentimita mbili ao tatu, na anatumia resori zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Mbele isishuke sana kuliko nyuma, juu pua ikiinama usukani unapoteza ile nguvu ya kujirudisha katikati.

Kabla ya kununua kitu, inua gurudumu na ulitikise. Likicheza ukishika juu na chini, angalia rotuli ya mkono wa chini na bearingi. Likicheza ukishika kushoto na kulia, ni rotuli ya fimbo ya usukani. Hakuna kipimo kinachosaidia gari yenye rotuli iliyokufa.

Halafu jambo ambalo garaji nyingi zinasahau: mipira midogo iliyo kwenye miguu ya ule mkono. Ilikazwa gari ikiwa juu. Gari ikishuka, inabaki imejikunja kila wakati, inapigana na usukani na kupasuka mapema. Legeza buloni zake, gari isimame juu ya magurudumu yake kwa kimo kipya, kisha kaza. Haiombi kununua kitu, na usukani unabadilika siku ile ile.

Kisha ndiyo paralelismu. Bila mashine, kamba inatosha. Weka gari mahali palipo sawa, upepo wa mipira ulingane, usukani unyooshwe na ufungwe. Tandika kamba kila upande wa gari kwa kimo cha katikati ya gurudumu. Umbali kutoka kamba hadi katikati ya gurudumu la mbele uwe mmoja kushoto na kulia. Fanya vilevile nyuma. Sasa pima kutoka kamba hadi ukingo wa janti, mbele yake na nyuma yake. Kama ukingo wa mbele uko mbali na kamba kuliko wa nyuma, gurudumu linatazama ndani. Kwa gari ya kila siku, tofauti ya sifuri hadi milimita moja kwa kila gurudumu inafaa. Rekebisha fimbo za pande mbili kwa kadiri moja, sukuma gari mita chache ili mipira ilegee, upime tena. Fundi mwenye haraka anaruka hatua hii ya kusukuma, ndiyo sababu kazi yake haidumu.

Kwa aliyeshusha zaidi, kuna vipande vya kiwanda vinavyoteremsha rotuli ili mkono urudi kulala. Fimbo ya usukani nayo iteremshwe vilevile. Kipande kama hicho kisiunganishwe kwa kuchomelea: kikivunjika, gurudumu linaondoka.

Katika Safari Rally ya Kenya, iliyoanza 1953 na kurudi katika mashindano ya dunia 2021, magari ya haraka sana yanainuliwa, hayashushwi. Joginder Singh alishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976, juu ya udongo unaofanana na wetu.

Resori za zamani zisiuzwe. Zifungwe kwenye gunia, ziwekwe pakavu: gari ikitaka kurudi Mambasa wakati wa mvua, ndizo zitakazoivusha.