Komoro: mwanamke anayesafiri peke yake aogope nini?

Mwanamke anayeshuka peke yake kwenye uwanja wa ndege wa Hahaya, kisiwani Ngazidja, ataulizwa mapema: bwana yako yuko wapi? Mara nyingi si kwa ubaya. Wamama wa kule wanataka kujua mgeni ni wa nani. Kwa desturi ya kisiwa hicho nyumba ni mali ya wanawake, na bwana ndiye anahamia kwa bibi. Kwa hiyo panga chumba ndani ya familia. Macho ya mama mwenye nyumba yanalinda kuliko askari wa mlangoni.

Inchi ni ya Waislamu. Nguo ndefu na leso mabegani zinapunguza maneno ya vijana sokoni Moroni. Umeme unakatika mara kwa mara: usiku chukua teksi. Kifaransa kinatosha, na Shikomori ni ndugu wa Kiswahili.

Hatari kubwa iko baharini. Kutoka Nzwani mpaka Mayotte, kisiwa cha Ufaransa, ni kilometa 70 hivi. Tangu 1995 Wakomoro wanaombwa viza, na wengi wamekufa ndani ya mashua ndogo ziitwazo kwassa-kwassa. Wakongomani nao wanapita njia hiyo. Mwanamke aliye peke yake hana shahidi: analipa mbele, anapanda usiku, jina lake haliandikwi popote. Mtu akikuambia bahari imetulia na ni saa chache tu, muulize kama yeye pia anapanda.