Fahamu: Kwa nini Ziwa Victoria hukasirika usiku?

Mchana upepo hutoka ziwani kuelekea Musoma na Bunda. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu inapoa haraka, maji yanabaki na joto, na pepo kutoka pande zote hukutana katikati ya ziwa. Hewa yenye unyevu hupaa, mawingu ya radi hujengeka. Ni saa hizo hizo mvuvi wa dagaa yuko majini, taa imewashwa, macho kwenye wavu.

Tusidhani hatari ni ya usiku tu. Julai 30, 2023, mitumbwi miwili ilizama karibu na kijiji cha Mchigondo, Bunda.

Mvua ya mbali nayo ina lake. Inayonyesha Mau, Kenya, huteremka na mto Mara hadi vinamasi vya Kirumi, Butiama, na kufunika mashamba hata kama kwenu kumekauka. Ziwa lenyewe, Mei 2020, lilivuka kidogo rekodi ya kiwango cha maji ya 1964.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa. Usikilize kabla ya kusukuma mtumbwi, na jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe kama mto.